Sergei Winogradsky na Chupa ya Tope: Maisha ya Mtafiti na Funzo kwa Mwalimu wa Sayansi

Mwalimu wa shule ya msingi hapa Chamwino afikapo kwenye somo la bakteria, mara nyingi hulianza kwa magonjwa na kulimaliza kwa usafi. Funzo hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Mtoto wa mfugaji atokapo darasani akiamini kwamba kila bakteria ni adui, hataweza kueleza kwa nini samadi ya zizi la baba yake huustawisha mtama, wala kwa nini tope la lambo huwa jeusi na kunuka likichimbuliwa. Katika makala haya tunakusudia kusimulia maisha ya mtu aliyeyajua mambo hayo kwa kulitazama tope lenyewe, na kuonyesha jinsi njia yake inavyoweza kumfaa mwalimu asiye na maabara.

Sergei Winogradsky alizaliwa mwaka 1856 mjini Kiev, katika nchi ambayo leo ni Ukraine na ambayo wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Urusi. Wazazi wake walikuwa watu wenye uwezo. Hata hivyo, ujana wake haukufuata njia iliyonyooka. Alianza kusoma sheria, akaiacha. Akajaribu sayansi, nayo kwanza haikumridhisha. Ndipo akaenda St Petersburg kujifunza kupiga piano. Mwaka 1877 aliirudia sayansi katika Chuo Kikuu cha mji huo, na safari hii hakugeuka nyuma. Tunayataja hayo kwa makusudi. Mwalimu asiharakishe kumhukumu mwanafunzi anayechelewa kuitambua njia yake.

Mwaka 1885 Winogradsky alikwenda Strasbourg kufanya kazi katika maabara ya mtaalamu wa mimea, Anton de Bary. Huko alimchunguza bakteria aitwaye Beggiatoa. Bakteria huyu ni mwembamba kama uzi, na hupatikana kwenye maji yenye harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi. Ndani ya nyuzi hizo mlionekana chembe za salfa, lakini maana yake ilikuwa haijaeleweka. Wengine walidhani kwamba Beggiatoa ndiye aliyeitengeneza gesi ile.

Winogradsky aliziweka nyuzi hizo chini ya hadubini, akawa anazitazama zilezile siku baada ya siku. Alipozipa maji yenye gesi ile, chembe za salfa ziliongezeka. Alipozinyima, chembe zilipungua, zikaisha, na hatimaye nyuzi zikafa. Kwa hiyo Beggiatoa hakuwa mtengenezaji wa gesi bali mtumiaji: aliiunguza ili apate nguvu za kuishi, na salfa ilikuwa akiba yake. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1887. Yalionyesha kwamba kiumbe hai anaweza kupata nguvu kutokana na vitu visivyo na uhai, kama vile salfa.

Mwaka 1888 alihamia Zürich, Uswisi, akageukia swali la wakulima. Samadi inapooza hutoa amonia, na baada ya muda amonia hiyo hugeuka kuwa naitrati, ambayo mimea huipenda. Ilikwisha kujulikana kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai, lakini kila aliyejaribu kuwaotesha peke yao alishindwa. Wakati huo watafiti wengi walifuata njia ya Robert Koch, daktari yule wa Ujerumani ambaye baadaye, mwaka 1906 na 1907, alichunguza malale katika visiwa vya Ssese, Uganda. Koch aliwatenga bakteria mmoja mmoja na kuwaotesha juu ya chakula kizito. Njia hiyo ilifaa sana kwa vijidudu vya magonjwa, lakini bakteria wa Winogradsky hawakuota.

Hapa ndipo tunapoiona akili ya mwalimu ndani ya mtafiti. Winogradsky hakusema kwamba bakteria wamekataa. Alijiuliza kama yeye ndiye aliyewapa kisichowafaa. Akaondoa kila chakula kilichotokana na mimea au wanyama, akabakiza madini na amonia tu. Wakaota. Mwaka 1890 alianza kutangaza matokeo yake. Baadaye ilibainika kwamba wafanyakazi ni wa aina mbili: wa kwanza huigeuza amonia kuwa naitriti, na wa pili huigeuza naitriti kuwa naitrati. Anachokitoa wa kwanza ndicho anachokila wa pili. Bila wa kwanza, wa pili hana riziki.

Mwaka 1891 alirudi St Petersburg kuongoza idara katika taasisi mpya ya tiba ya majaribio. Mwaka 1893 alieleza habari za bakteria wa udongoni aitwaye Clostridium pasteurianum, awezaye kuichukua naitrojeni ya hewani, lakini asiyeweza kufanya kazi mahali penye oksijeni. Udongoni huishi pamoja na bakteria wengine ambao huimaliza oksijeni iliyomzunguka, na hivyo kumtengenezea makazi. Kwa mara nyingine, siri ilikuwa katika ujirani.

Kisha afya ilidhoofika, akaiacha kazi na kwenda kuishi katika shamba lake huko Ukraine. Mapinduzi ya mwaka 1917 yalimkuta mzee, naye akapoteza mali na nchi. Mwaka 1921 alifundisha Belgrade, na mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 66, alialikwa na Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa kufanya utafiti huko Brie-Comte-Robert, karibu na Paris. Umri ambao wengi hupumzika, yeye aliuanza upya.

Kazi ya uzee wake ilihusu udongo kama ulivyo. Mwaka 1925 aliwagawa bakteria wa udongoni katika makundi mawili. Wako wenyeji, ambao huwapo wakati wote na hufanya kazi polepole kwa akiba ndogo. Wako pia wale wanaoibuka kwa wingi mara chakula kipya kinapoingia, kisha hupungua chakula hicho kinapokwisha. Mkulima wa Mvumi atupapo samadi shambani kabla ya mvua huwaamsha hao wa kundi la pili. Kwa hiyo anayetaka kuujua udongo hawezi kuupima siku moja tu. Ni lazima aurudie. Winogradsky alifariki mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 96.

Jina lake limebaki katika zana moja rahisi sana: chombo kirefu cha kioo kilichojazwa tope, ambacho huitwa safu ya Winogradsky. Tunaona kwamba zana hiyo inafaa sana kwa shule zetu. Mwalimu achukue chupa ya plastiki angavu ya lita moja na nusu na kuikata shingo. Achanganye tope la lambo na vipande vya karatasi, maganda ya mayai yaliyosagwa, na unga wa chaki. Chaki nyingi za ubaoni hutengenezwa kwa jasi, madini yanayochimbwa pia Itigi, magharibi ya Dodoma, na jasi ina salfeti. Ajaze tope hadi karibu na ukingo, aongeze maji kidogo juu, afunike bila kukaza ili gesi ipate kutoka, kisha aiweke dirishani penye mwanga lakini si penye jua kali.

Tope achote mwalimu mwenyewe, wala asiwapeleke watoto majini. Malambo mengi yana konokono wa kichocho, na bwawa la Mtera lina mamba. Kila ashikaye chupa anawe mikono kwa sabuni.

Siku za kwanza, bakteria wanaotumia oksijeni huimaliza ile iliyomo ndani ya tope. Baada yao hutawala wale wasioihitaji, ambao huivunjavunja karatasi. Mabaki ya kazi yao huwa chakula cha bakteria wanaoitumia salfeti na kutoa gesi ile ya mayai viza. Hapo tope la chini huwa jeusi. Gesi hupanda, na baada ya majuma kadhaa, penye mwanga hujitokeza mikanda ya kijani na ya zambarau ya bakteria wanaoitumia gesi hiyo. Juu kabisa, penye hewa, hukaa viumbe wa kijani wanaotoa oksijeni. Kila kundi hubadilisha mahali lilipo, na badiliko hilo ndilo linalomfungulia mlango mwenzake.

Utaratibu huo si wa chupani tu. Katika bahari ya kaskazini ya Norway, kwenye kina cha mita 1250 hivi, iko volkano ya tope iitwayo Haakon Mosby. Haitoi moto kama Ol Doinyo Lengai, bali tope na gesi ya methani kutoka chini ya sakafu ya bahari. Watafiti wameona kwamba tope jipya huwa na vijidudu wachache. Kwanza hustawi wale wanaoiunguza methani kwa oksijeni. Wale wanaoitumia bila oksijeni huchelewa kwa miaka mingi. Na juu ya tope lililotulia hutanda utando mweupe wa Beggiatoa, yule yule aliyetazamwa Strasbourg.

Tunashauri kwamba mwalimu-mwanafunzi aandae chupa mbili, moja akiifunika kwa karatasi nyeusi. Kila Ijumaa wanafunzi wapime tabaka kwa rula, wachore, waandike tarehe. Mwalimu asiwatajie mapema kitakachotokea. Mikanda ya rangi ikikosekana katika chupa ya giza, wao wenyewe wataulizana sababu, na hapo ndipo somo litakapoanza. Chupa ya mwangani nayo ikikataa, isitupwe: mwalimu aulize, kama Winogradsky alivyojiuliza, ni kitu gani kisichofaa alichoiwekea.

Kishawishi kikubwa cha mwalimu mpya ni kutaka kila jambo lionekane ndani ya kipindi kimoja. Tope halikubali haraka hiyo, na mtoto pia haikubali. Mwalimu akiweza kuilinda chupa moja dirishani kwa muhula mzima, atakuwa amewafundisha wanafunzi wake kurudi, kutazama tena, na kungoja kwa macho yaliyo wazi.