Mwata aliyeandika kitabu cha mababu zake

Ukisafiri kwa gari kutoka Nchelenge kwenda Mansa, unapita Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe. Huenda umepita hapo mara nyingi, wewe mwenyeji au wewe uliyekuja Mantapala kutoka Kongo, bila kujua kwamba mmoja wa wafalme wa hapo alituachia kitabu.

Jina lake ni Chinyanta Nankula, Mwata Kazembe wa 14. Alitawala kuanzia 1941 hadi 1950, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza.

Kabla yake, walioandika habari za ufalme huu walikuwa wageni. Wareno walifika 1798 na tena 1831, Livingstone akafika 1867. Wenye habari zao walizitunza kichwani. Wazee walisimulia, na waimbaji wa Mwata walimsifu kwa lugha ya zamani iliyo karibu na Kiluba, ambayo vijana wengi hawaielewi. Mzee akifa, anazikwa na sehemu ya habari hizo.

Chinyanta Nankula alitaka ziandikwe. Kwa msaada wa padri Edouard Labrecque wa Mapadri Weupe, alizitoa kwa Kibemba, lugha ambayo watu wake waliweza kuisoma. Kitabu kinaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani Mababu Zangu na Watu Wangu. Kilichapishwa 1951, yeye akiwa ameshafariki.

Ukitoka Kongo, safari iliyomo utaijua. Walunda hawa walitoka kwa Mwata Yamvo, huko huko Kongo. Mtu mmoja, Mutanda, alimficha Mwata Yamvo mashimo ya chumvi. Chinyanta wa zamani akaitoboa siri, na Mutanda akamzamisha katika mto Mukelweji. Ndipo Mwata Yamvo akampa utawala Nganga Bilonda, mwana wa marehemu, akawa Mwata Kazembe wa kwanza. Watu wake walisonga mashariki mpaka wakavuka Luapula.

Huku ziwani utasikia pia habari ya Nachituti, dada wa Nkuba, mkuu wa Washila waliokuwa hapa kabla ya Walunda. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake. Mama huyo akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti akampa Mwata kikapu cha udongo na chungu cha maji, ndiyo ardhi na ziwa. Ni hadithi ya uchungu wa mama, lakini kwangu ni kama hati ya shamba pia. Kitabu cha mfalme kinatazama mambo kutoka ikulu. Mvuvi wa Kishila huenda akakusimulia kwa namna nyingine, naye msikilize.

Kila mwaka mwishoni mwa Julai, kwenye sherehe ya Mutomboko pale Mwansabombwe, Mwata hushuka hadi mto Ng'ona na kutupa chakula majini. Ukienda kutazama, utajua ni cha nani: ni cha yule Chinyanta aliyezamishwa Mukelweji.