Lazzaro Spallanzani, padri aliyeweka mbegu kwenye theluji

Mfugaji aliyewahi kumwita mtaalamu wa uhimilishaji ameuona ule mtungi unaotoa moshi wa baridi kifuniko kinapofunguliwa. Ndani yake mna mbegu za dume ambaye huenda alishakufa. Elimu hiyo hiyo leo inatumika kuokoa wanyamapori wanaoelekea kutoweka. Katika makala haya tunamwangalia mmoja wa watu wa kwanza kugundua kwamba mbegu iliyotulia kwenye baridi si lazima iwe imekufa.

Lazzaro Spallanzani alizaliwa Januari 1729 katika mji mdogo wa Scandiano, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye akapelekwa Bologna kusomea sheria. Huko alimkuta ndugu yake, Laura Bassi, akifundisha fizikia chuo kikuu, jambo la nadra kwa mwanamke wa zama zile. Bassi akamvutia kwenye sayansi. Spallanzani akaacha sheria, akawa padri, na kuanzia 1769 akafundisha Pavia mpaka mwisho wa maisha yake.

Alisumbuliwa na swali moja: uhai unaanzaje? Aliwavika vyura madume visuruali vya kitambaa, kisha akawaacha wapande majike. Mayai hayakuanguliwa. Lakini mayai aliyoyapaka majimaji yaliyobaki kwenye visuruali yalitoa viluwiluwi. Baadaye alimfungia mbwa jike peke yake, akamtilia mbegu za dume kwa bomba la sindano alilolipasha joto. Baada ya siku 62 jike akazaa watoto watatu. Huo ndio uhimilishaji tunaoujua leo kwa ng'ombe.

Mwaka 1776 alipoza mbegu kwa theluji. Alipochungulia kwa hadubini, aliona vile vidudu vyenye mkia vimeacha kutembea. Alipovipasha joto, vikaanza tena kuogelea.

Hata hivyo, hakuelewa yote aliyoyaona. Alichuja mbegu kwa karatasi, akakuta kilichopita hakirutubishi, na kilichobaki juu kinarutubisha. Bado aliendelea kuamini kwamba kazi inafanywa na majimaji, si vile vidudu.

Alikuwa pia na mahasimu. Aliposafiri kwenda Constantinople mwaka 1785, walimu wenzake walimshtaki kwamba ameiba vitu vya makumbusho ya chuo. Uchunguzi ukamsafisha. Alifariki Pavia Februari 1799.

Zaidi ya miaka 150 ilipita kabla ya jaribio lake la theluji kupata hatua ya pili. Tatizo lilikuwa maji yaliyomo ndani ya mbegu: yakiganda huwa barafu yenye ncha, nayo huichana mbegu. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba gliserini, ile ile inayopakwa kwenye ngozi, huikinga mbegu isiharibiwe na barafu. Siku hizi mbegu huchanganywa na gliserini, mara nyingi pamoja na kiini cha yai, hutiwa kwenye mirija myembamba na kuzamishwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Njia hiyo imewafaa kulungu wa Asia na Ulaya, wale wenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya. Madume wengi wa jamii hiyo hutoa mbegu nzuri kwa msimu tu. Tena, makundi madogo yaliyotengana huishia kuzaana ndugu kwa ndugu. Kusafirisha mrija ni rahisi kuliko kusafirisha dume mwoga anayeweza kuumia au kubeba ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu waliwapandikiza kwa mbegu zilizogandishwa majike wa kulungu wa Eld, mnyama adimu wa kusini mashariki mwa Asia, na watoto wakazaliwa.

Kwetu Afrika Mashariki, faru weupe wa kaskazini wamebaki majike wawili, Najin na Fatu, katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Mayai ya Fatu yamerutubishwa maabara kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa. Matumaini hayo yapo kwa sababu mbegu zilichukuliwa madume wakiwa bado hai. Mnyama ambaye mbegu zake hazikuhifadhiwa mapema hana akiba hiyo, na hata aliyehifadhiwa bado anahitaji pori la kurudi.