Maisha ya Edsger Dijkstra, Mtetezi wa Sifuri

Muhula uliopita niliandika programu yangu ya kwanza ya kompyuta, ya kutafuta wastani wa alama za wanafunzi 40 wa darasa letu. Niliiamuru ianze na namba 1, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kuhesabu tangu utoto. Lo! Mwenzetu wa kwanza katika orodha akaachwa, na wastani ukashuka. Mwalimu akanieleza ya kuwa lugha ile huanza na 0, kisha akanisimulia habari za Edsger Dijkstra.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa Rotterdam, nchi ya Uholanzi. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kemia na mama yake mwanahisabati. Mwaka 1952 alianza kazi ya kuandika programu mjini Amsterdam. Alipofunga ndoa mwaka 1957 aliitaja kazi hiyo, lakini wakuu wa mji wakaikataa, wakidai hakuna kazi ya namna ile. Ikambidi aandikwe kuwa mtaalamu wa fizikia. Hata hivyo, mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kupita zote katika elimu ya kompyuta.

Mwaka 1982 aliandika kwa mkono waraka mfupi wa kutetea 0. Hoja yake ni nyepesi. Ukianza na 0, namba ya kila kitu huonyesha ni vitu vingapi vimekitangulia. Cha kwanza hakikutanguliwa na kitu, basi namba yake ni 0. Tena, ukianza na 0 na kukoma kabla ya 40, ukitoa 0 katika 40 wapata idadi kamili. Tazama rula yako: sentimita ya kwanza huanzia kwenye 0.

Si wote waliokubali. Lugha ya Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, huanza na 1 kwa kawaida, na wako wanaopenda hivyo, kwa kuwa kitu cha tatu hupata namba 3.

Dijkstra alifariki mwaka 2002 kwao Uholanzi. Mimi nimejifunza kwake ya kuwa kabla ya kuhesabu, sharti mtu ajue mwanzo uko wapi. Mwenzetu yule sasa yumo katika orodha, na namba yake ni 0. Lakini msimcheke, maana alipohesabiwa wastani wetu ulipanda.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne