Alexander Haddow, aliyemfuata mbu wa homa ya manjano hadi vileleni mwa miti

Kwa mkulima wa Lubondja, wilayani Fizi, mbu ni mbu tu. Lakini ugonjwa unapozuka, aina ya mbu ndiyo inayoonyesha virusi vimetoka wapi. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu kutoka Scotland, alitumia miaka zaidi ya 20 kulithibitisha hilo nchini Uganda.

Alizaliwa Glasgow mwaka 1912. Mwaka 1942 alijiunga na taasisi ya utafiti wa homa ya manjano mjini Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller.

Fumbo lilikuwa Bwamba, magharibi mwa Uganda, jirani na Kongo. Mwaka 1941 virusi vya homa ya manjano vilipatikana huko kwa mgonjwa na katika mbu aina ya Aedes simpsoni. Mbu huyo huishi migombani, ilhali dalili zilionyesha kwamba tumbili wa msituni nao huambukizwa. Nani alikuwa akiwaambukiza?

Haddow na wenzake walijenga majukwaa juu ya miti. Wenyeji walikaa huko mchana na usiku, wakiwakamata mbu waliokuja kuwauma, saa baada ya saa. Ilibainika kuwa Aedes africanus huuma zaidi vileleni giza linapoingia, mahali tumbili wanapolala. Mwaka 1948 virusi vilipatikana ndani ya mbu huyo.

Njia ikaonekana. Tumbili huambukizwa juu mitini. Akishuka mchana kuiba ndizi, Aedes simpsoni humuuma, kisha humuuma mkulima.

Mbu huyo wa migombani huzaliana kwenye maji yanayotuama katika makwapa ya majani ya migomba na magimbi. Kumwaga maji ya mapipa na matairi humpunguza Aedes aegypti wa mijini, si yeye. Kwa wanaolima kando ya msitu, chanjo ndiyo kinga ya kutegemewa.

Mwaka huohuo wa 1948, timu ya Entebbe ilipata virusi vya Zika katika Aedes africanus, baada ya kuvigundua kwa tumbili mwaka 1947.

Haddow aliongoza taasisi hiyo kuanzia 1953 hadi 1965, kisha akarudi Glasgow kufundisha chuo kikuu. Alifariki Desemba 1978. Taasisi aliyoiongoza bado inachunguza virusi mjini Entebbe.