George Rodger na vijana wa mieleka wa Kordofan

Leo tunawaletea maisha ya mpiga picha George Rodger, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1908 na kufa mwaka wa 1995. Pengine hatujui jina lake, lakini picha yake moja imezunguka dunia yote: kijana Mnuba aliyeshinda mieleka, mwili mweupe kwa majivu, amebebwa juu ya mabega ya mwenzake.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, Rodger alifanyia kazi gazeti la Life la Marekani. Alipiga picha London ikibomolewa na mabomu, akapita Afrika pamoja na askari wa de Gaulle, akafika mpaka Birmania. Aprili 1945 akaingia mu kambi ya Bergen-Belsen, kule Ujerumani, fasi ambako maelfu ya wafungwa walikufa kwa njaa na magonjwa. Akapiga picha. Kisha akashtuka: alikuwa anatafuta namna ya kupanga maiti vizuri ndani ya picha, sawa mtu anayepiga picha ya miti. Alikuwa amesahau kama kila mmoja pale alikuwa na sura yake na jina lake. Haya ikamshika. Akaapa hatapiga tena picha za vita.

Mwaka wa 1947 alikuwa mmoja wa wale walioanzisha Magnum, pamoja na Robert Capa na Henri Cartier-Bresson. Mwaka uliofuata, yeye na bibi yake Cicely wakaondoka Afrika Kusini kwa gari, kupanda kaskazini. Njo vile 1949 walifika kwa Wanuba, mu milima ya Kordofan, inchi ya Sudani. Mieleka ya kule si kachi ya kulipia tikiti. Kisha mavuno, vijana wa kijiji kimoja wanakutana na wa kijiji kingine, wanajipaka majivu, wanakamatana. Anayeangushwa chini ameshindwa.

Mieleka inasumbua mpiga picha. Ukisimama mbali, unaona tu mikono na miguu inachanganyikana mu vumbi. Ukisogea karibu njo unaona meno yamebana, macho yanavizia mguu wa mwenzake, woga na furaha pamoja pa sura moja. Lakini hausogei karibu vile kama wenyewe hawakukubali. Kwa Rodger, ile safari ilikuwa dawa ya moyo kisha Belsen. Tena mwaka ule ule msiba ukamwangukia: Cicely akafa katika kujifungua.

Picha za Wanuba zilitoka 1951, na kitabu huko Paris 1955. Mama mmoja Mjerumani, Leni Riefenstahl, aliyefanya sinema za kumsifu Hitler, akamuahidi dolari 1,000 ili amuonyeshe njia ya kufika kwa wale vijana. Rodger akakataa. Hakusahau Belsen. Mama yule akaenda mwenyewe baadaye.

Sisi watu wa migodi tunajua vumbi linavyofunika sura kama majivu ya Wanuba. Siku mtu anafika ku karieri na apareyi yake, tumuangalie: anatafuta mabega na vumbi tu, ao anauliza kwanza jina la kijana?