Armstrong, mwenye FM, na lopango lake la hewani

Asubuhi mbele ya kushika njia ya kazi, tunafungua redio kwenye FM. Tunazungusha kati ya 88 na 108, sauti inatoka safi. Kumbe mtu aliyeleta FM, Edwin Armstrong, hakuianzisha kwenye namba hizo. Walimuhamisha.

Alizaliwa New York mwaka 1890. Mwaka 1912, angali mwanafunzi, alipata namna ya kuipa redio nguvu mingi. Hakuwa mtu wa kukaa tu kwenye biro: alipenda kupanda mwenyewe juu ya minara ya antena, na wakubwa wa kompani hawakupenda.

Redio ya wakati ule ilikuwa na makelele; radi ikipiga, hausikii kitu. Mwaka 1933 Armstrong akapata breve za FM, dawa ya makelele yale. Kompani kubwa ya redio, RCA, ikamuachia apime vyombo vyake juu ya Empire State Building, kisha mwaka 1935 ikamuambia avitoe. RCA ilikuwa inataka televisheni. Akajenga mnara wake kule Alpine, New Jersey, kwa makuta yake. Mwaka 1940 serikali ikaipa FM frekansi za 42 mpaka 50 megahezi, watu wakaanza kununua redio. Vita ikiendelea, akaliachia jeshi la Marekani breve zake bure.

Malipo yake njo haya: mwaka 1945 FCC, ofisi inayogawanya frekansi, ikaihamisha FM mpaka 88 na kuendelea. Walisema mawimbi ya chini yatasumbuliwa na mambo ya jua. Lakini sehemu kubwa ya lopango la zamani ikapewa televisheni! Na mwaka 1948 ikatolewa tena, ikapewa redio za kuwasiliana za magari.

Sisi tunaojua kijiji kinavyohamishwa juu ya kariere, tunaelewa. Unapewa kiwanja kingine, lakini nyumba haibebwi. Redio zilizonunuliwa zikabaki masanduku, na aliyenunua hakulipwa.

Mwaka 1948 Armstrong akaishtaki RCA juu ya breve zake. Kesi ikavutwa miaka, maavoka wakamaliza mali yake, nyumba ikavunjika. Tarehe 31 Januari 1954 akajitoa uhai. Mke wake Marion, zamani sekretari wa mkubwa wa RCA, hakuacha. Mwaka ule ule RCA ikakubali kulipa karibu dola milioni 1, na kesi ya mwisho, na kompani ingine, aliishinda mwaka 1967.

Leo kompani za telefone zinaomba frekansi za 5G, na pengine rezo ya zamani inazimwa kusudi ipatikane nafasi. Marekani walizima 3G mwaka 2022. Sisi wa sindika hatukatai rezo mpya. Tunauliza ARPTC: siku hapa kwetu watazima rezo ya zamani, mama mwenye telefone ndogo, anayengojea habari ya bwana yake aliye chini ya mgodi, nani atamununulia ingine?