Hua Tuo, Tabibu wa China

Hua Tuo alizaliwa Qiao, China, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Huko ndiko alikotoka pia Cao Cao, mtawala aliyeteswa na kichwa. Wachina waliyaita maradhi hayo upepo wa kichwa. Kila yakimshika, Hua Tuo alimdunga sindano, tena si kichwani (usishangae!) bali usawa wa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Maumivu yakakoma papo hapo.

Lakini tabibu alichoka kumhudumia mtu mmoja. Akaenda kwao, akasingizia mke mgonjwa, akakataa kurudi. Wapelelezi wakatumwa. Wacha uongo ujulikane! Akatiwa jela, akahukumiwa kifo. Alimpa askari jela kitabu chake cha tiba. Askari akaogopa sheria, akakikataa. Hua Tuo akakichoma moto.

Cao Cao aliendelea kuumwa na kichwa, wala hakujali. Mwaka 208 mwanawe mpendwa alipougua akafa, ndipo alipojuta kumwua tabibu yule.